Ng'ombe wa Filipo, Maziwa ya Maria

Bansari Harish hajawahi kukamua ng'ombe. Nianzie hapo hapo, maana wapo watu wa Singida mjini ambao wakisikia binti wa duka la Harish anafanya kazi ya mifugo, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kazaliwa mjini, baba yake kazaliwa mjini, na ng'ombe alikuwa anawaona barabarani tu wakipelekwa mnadani, yeye anajibana ukutani asije akapigwa pembe. Lakini takwimu! Hapo sasa umemgusa. Mpe jedwali la mistari elfu moja, atakaa nalo kimya kama mtu anayechambua mchele, na mawe yote atayatoa.

Mradi uliomwajiri ulipanga vyumba viwili mtaa wa Utemini. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Siku ya josho, wakati wafugaji wanaleta ng'ombe kuogeshwa dawa ya kupe, maafisa wanachukua damu ya ng'ombe mmoja kwa kila nyumba. Maabara inapima. Bansari anapanga majibu kwenye kompyuta, kisha wenye ng'ombe wanatumiwa ujumbe kwenye simu. Walikuwa wanautafuta ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe mwenye ugonjwa huo anaharibu mimba, na mtu akinywa maziwa yake mabichi naye anaupata: homa inayopanda na kushuka, maungo kuuma, na kama ni mama mjamzito, anaweza kumpoteza mtoto aliye tumboni. Bansari aliyasoma hayo yote na kuyaelewa, ila moyoni hayakumkaa. Kwao, mama yake Jasumati huchemsha maziwa mpaka yafurike jiko zima. Hakuwahi kumwona mtu akiyanywa yanavyotoka kwenye chuchu.

Sasa sikiliza kosa lilivyoanza, maana lilianza na wema. Maabara ilikuwa inamtambua kila ng'ombe kwa namba ya hereni yake, ile ya plastiki anayotobolewa sikioni. Afisa mifugo aliyekuwa anazunguka vijijini, Chrispin, akazikataa namba zile.

"Dada Bansari, hizi namba ni ndefu kuliko za vocha," alisema. "Mimi nikifika kijijini naulizia mtu. Niwekee majina ya watu."

Bansari akaona ni kweli. Programu aliyokuwa anaitumia, inaitwa pandas, inaweka lebo pembeni ya kila mstari wa jedwali, na lebo hiyo ndiyo jina la mstari wenyewe. Kuna amri moja ya kuzibadilisha: unaiambia namba hii kuanzia leo iitwe Fulani, na hii iitwe Fulani, basi, imekwisha. Haikuulizi unamjua huyo Fulani au humjui. Ukiipa lebo mbili zinazofanana inazipokea, haigombi. Mimi ningependa mashine inayogomba, lakini nani ananiuliza?

Namba zikaondoka, majina yakakaa. Bansari akaona majina machache yamejirudia, likiwemo la Filipo, mzee wa kijiji kimoja ng'ambo ya Ikungi. Akaguna. Nyumba moja ng'ombe mmoja, ndiyo sheria ya mradi, sasa Filipo wa pili katoka wapi? Karani wa josho karudia, akajisemea. Akayaondoa yaliyojirudia yote kwa mkupuo, kila jina likabaki na mstari wa kwanza. Wa Filipo uliobaki ulisema ng'ombe ana ugonjwa. Ujumbe ukaenda: "Mzee Filipo, ng'ombe wako amekutwa na ugonjwa wa kutupa mimba. Maziwa yake yasinywewe." Siku ile Bansari alirudi nyumbani anaimba.

Wiki ikapita. Asubuhi moja Chrispin akapiga simu, sauti yake ina furaha.

"Yule mzee Filipo ni mwelewa bwana! Hakungoja hata niende. Kamchinja. Kijiji kizima kimekula nyama, na nyama ikipikwa vizuri haina neno. Ng'ombe mweupe yule, kanona, we acha tu."

"Mweupe?" Bansari aliuliza.

"Mweupe pee."

Kwenye kioo cha kompyuta, mbele ya macho yake, mstari wa Filipo ulikuwa na safu ya rangi ambayo hakuwahi kuijali. Ilisema mwekundu. Akafungua faili la maabara, lile la awali ambalo halijaguswa, na hereni mbili zikamtolea macho. Zote mwenye mali ni Filipo. Mweupe, mzima. Mwekundu, mgonjwa. Wale walikuwa ng'ombe wawili kutoka nyumba mbili, naye kwa mkono wake kawafanya mmoja.

"Chrispin," alisema, "kachinjwa ng'ombe mzima. Mgonjwa yupo hai, yupo kwenye nyumba nyingine, na watu wanakunywa maziwa yake mpaka leo. Ni nyumba ya nani?"

"Sijui," Chrispin alijibu.

"Wewe si ndiye uliyemtoa damu!"

"Nilimtoa, ndiyo. Lakini pale joshoni ni vumbi na ng'ombe wa vijiji vitatu! Mwekundu namkumbuka. Aliyemleta simkumbuki. Nilimuuliza, huyu ng'ombe wa nani? Akasema wa Filipo. Nikaandika Filipo."

"Mtu gani anataja jina la mtu mwingine kwa ng'ombe anayemfuga mwenyewe?"

Hapo Chrispin akashusha pumzi, akamweleza jambo ambalo mtoto wa kijijini analijua kabla hajaota meno. Mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Wengine anawapeleka kwa rafiki, kwa shemeji, kwa mtu anayemwamini, wafugwe huko. Mfugaji anakunywa maziwa, anatumia samadi, ila ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe. Na ole wake anayefuga amwite yule ng'ombe wake! Ni aibu kubwa. Ukiulizwa, unamtaja mwenye mali.

"Na mwenye mali akiulizwa wako wapi?" Bansari aliuliza.

"Mwenye mali hasemi," Chrispin alijibu. "Njoo na kofia, nakupitia sasa hivi."

Walifika kwa pikipiki ya Chrispin, jua likiwa linaanza kuchoma. Uani kwa Mzee Filipo alizeti ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai, na ngozi nyeupe imewambwa juani karibu na zizi ambalo sasa lilikuwa na mbuzi tu. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mwanawe Frank, kijana wa mikono mikubwa, alikuwa anarudishia miiba kwenye uzio.

"Shikamoo mzee," Bansari alisema, akiinama kidogo.

"Marahaba binti. Karibuni. Ninyi ndio wa mradi? Nimefanya mlivyotaka."

Bansari alikuwa amepanga maneno njia nzima, yakamtoroka yote. Akasema tu, "Mzee, nimekosea. Ng'ombe uliyemchinja alikuwa mzima."

Mzee alimtazama kama hakusikia. Halafu akaitazama ile ngozi. "Mmeniulia ng'ombe mzima?"

"Kosa ni langu, siyo la Chrispin. Na mradi utalijibu, nakuapia. Lakini leo hatujaja kwa hilo. Mgonjwa ni mwekundu. Yuko wapi yule mwekundu, mzee?"

"Mwekundu yupi?"

"Aliyeletwa joshoni kwa jina lako."

"Akina Filipo wako wengi."

Chrispin akaingilia. "Mzee, kijiji hiki Filipo ni wewe peke yako. Waswahili walisema, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mimi sifichi kitu!" Mzee aligonga fimbo chini. "Mimi ni maskini. Ng'ombe wa maskini hazai, na huyo mmoja niliyekuwa naye mmenichinjisha. Mnataka nini tena?"

Frank akaacha uzio, akaja akasimama nyuma ya baba yake. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka tu wageni waelewe.

"Jamani, msimsumbue mzee. Baba hana ng'ombe mwingine. Angekuwa naye, mimi si ningekuwa nimeshaoa? Mwenzangu ana mimba, yuko kwao, kila nikitaja mahari baba anasema subiri tuuze alizeti. Huyo mweupe ndiye tulikuwa tunaanzia. Sasa hayupo."

Bansari akamwona mzee anainamisha macho. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mzee hakuwa anawaficha wao. Alikuwa anamficha mtoto aliyesimama nyuma ya kigoda chake. Huruma ikamjaa, na hofu ikawa kubwa kuliko huruma, kwa sababu walipokuwa wanabishana pale kuna mtu mahali fulani alikuwa anajimiminia kikombe.

"Mzee, naomba tusogee pembeni, mimi na wewe tu."

"Ongeeni hapa hapa," alisema Frank. "Mambo gani ya pembeni na baba yangu?"

Mzee hakuinuka. Bansari akachuchumaa mbele ya kigoda, suruali yake ikagusa vumbi, akamsemesha kwa sauti ya chini. "Sawa. Sitakuuliza ni kwa nani. Nakuuliza moja tu. Kwenye hiyo nyumba, kuna mama mjamzito?"

Fimbo ikasimama mkononi mwa mzee.

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Kwa sababu maziwa yale yanaweza kumtoa mtoto."

"Ndama," mzee alisema. "Yanamtoa ndama. Ugonjwa wa ng'ombe ule."

"Hata mtoto wa mtu, mzee."

"Hata kama mimba imeshakua? Hata kama ameshaanza kucheza?"

"Hata hivyo."

Mimi nasema, mtu akikwambia kwamba wazee wa kwetu hawaogopi, angemwona Mzee Filipo siku ile. Aliogopa mpaka mikono ikakosa pa kukaa. Alimwogopa mwanawe, akaogopa kunyamaza, na kati ya hofu hizo mbili akachagua.

"Frank," alisema bila kugeuka. "Nenda kwa Maria. Nenda sasa hivi. Waambie wamwage maziwa."

"Maria yupi?"

"Mama yake Eliana."

Eliana ndiye yule mwenzake Frank. Bansari alilijua hilo kwa kumtazama kijana usoni tu.

"Yule mwekundu wa kwa kina Eliana ni wako?" Frank aliuliza.

"Wote wa pale ni wangu. Niliwapeleka kwa marehemu baba yake kabla ninyi hamjajuana."

"Nimekusifia yule ng'ombe, baba. Nimekaa hapa hapa nikakuambia wenzetu wana ng'ombe mzuri, sisi tutawapa nini. Ukanitazama."

"Niliogopa uzee, mwanangu. Ng'ombe wakijulikana wanaisha. Kila mtu anaomba."

Frank alikuwa ameshawasha pikipiki ya Chrispin bila kuomba, na Bansari akapanda nyuma yake bila kuombwa.

Kwa Maria hapakuwa mbali, lakini njia ilikuwa ya mchanga na Frank aliiendesha kama mtu anayekimbizwa. Walimkuta Eliana amelala kwenye mkeka kivulini, amejifunika blanketi zito na jua lile, meno yanagongana. Pembeni ya kichwa chake palikuwa na kikombe cha bati. Bansari akakiwahi. Kilikuwa na maziwa nusu.

"Mwachie jamani!" Maria alitoka ndani akifuta mikono kwenye kanga. "Hicho ndicho kitu pekee kinachokaa tumboni. Kila kitu kingine anatapika."

"Shikamoo mama. Yasinywewe. Mama, nakuomba, yasinywewe tena hata tone."

"Wewe nani?"

Bansari akaeleza kwa maneno yaliyokuwa yanakanyagana. Maria alisikiliza, mkono ukapanda mdomoni. Yule mwekundu alikuwa ametupa ndama siku chache zilizopita. Ndama alikwama, na Eliana ndiye aliyemvuta kwa mikono yake, mitupu, halafu akaja akanawa kwa maji tu. Homa ikaanza baadaye. Walidhani ni malaria, wakanunua dawa za malaria dukani. Na kumtia nguvu, mama alikuwa anamzidishia maziwa, asubuhi na jioni, ya moto kutoka kwa ng'ombe. Moto wa ng'ombe, siyo wa jiko.

"Mimi nilikuwa namnywesha," Maria alisema. "Mimi mwenyewe, mkono huu."

Jirani mwenye gari la Noah alikuwa anajiandaa kwenda mjini na magunia. Magunia yakashushwa. Eliana akalazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na Frank akachuchumaa chini akimshika miguu. Walipofika lami Bansari, aliyekuwa mbele, akageuka. Hakuweza kukaa nalo zaidi.

"Mama, hili ni kosa langu. Majibu tulikuwa nayo tangu wiki iliyopita. Ningefanya kazi yangu vizuri, ujumbe ungekufikia siku ile ile."

Maria alimtazama. Alikuwa na macho makavu.

"Ungenifikia kwa jina gani?" aliuliza. "Mimi na marehemu tumewafuga ng'ombe wale miaka yote, na popote walipoandikwa, kwenye josho, kwenye chanjo, hakuna palipoandikwa Maria. Usijibebeshe mzigo wote peke yako. Ila wa kwako ubebe."

Bansari akageuka mbele. Aliubeba, na anaubeba mpaka leo.

Hospitalini Eliana aliingizwa ndani haraka, mlango ukafungwa, na wao wakabaki kwenye benchi la korido. Kungoja kule kulikuwa kubaya. Frank alikuwa anasimama, anakaa, anasimama. Bansari alikuwa anahesabu vigae vya sakafuni, anakosea, anaanza upya. Maria alikaa wima, mikono juu ya magoti, anasali kwa Kinyaturu bila sauti, midomo tu ndiyo inayocheza. Baadaye Mzee Filipo akatokea, kaletwa na Chrispin aliyeifuata pikipiki yake kwa Maria, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Hakuna aliyempisha nafasi, akasimama ukutani.

Nesi alipotoka, wote waliinuka kwa pamoja.

"Mtoto yupo," alisema. "Moyo unadunda. Lakini mama ana homa kali, na sitawadanganya, bado hatujavuka. Damu tumechukua, na kwa hayo mliyotueleza daktari anaanza dawa sasa hivi. Mngekaa siku mbili tatu zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Anaruhusiwa mtu mmoja wa kukaa naye usiku huu, na anamtaka Frank. Frank ni nani?"

"Mimi."

"Wewe ni nani wake?"

Swali dogo tu, la kila siku. Frank akafungua mdomo, akaufunga. Hajatoa mahari, hajafunga ndoa, mbele ya mama wa binti angesema yeye ni nani? Masikio yakamwiva.

Mzee Filipo akajikohoza kutoka kule ukutani.

"Ni mume wake. Andika mume. Mahari ipo. Ng'ombe wangu wote walioko kwa Maria, kuanzia saa hii ni wa Maria. Huyo mgonjwa simhesabu."

Maria akageuka polepole. Tangu watoke nyumbani alikuwa hajampandishia mtu sauti, na hata sasa hakuipandisha, lakini korido nzima ilimsikia.

"Mzee Filipo. Miaka yote nimekaa na siri yako. Binti yangu tumbo linakua, majirani wanatucheka, wewe unapita pale kwangu unalia umaskini, na ng'ombe wako wananilamba chumvi mkononi. Nikanyamaza, kwa sababu marehemu alikupa neno lake. Leo unataka kuniozea mtoto kwenye benchi la hospitali?"

"Nisamehe, Maria."

"Sijafika huko. Mahari haitolewi hapa. Utakuja nyumbani na ndugu zako, mchana, watu wakiona. Utasimama mlangoni pa zizi, umtaje kila ng'ombe kwa mdomo wako mwenyewe, mmoja mmoja, na useme ni wa nani. Mbele ya mwanao."

"Nitakuja."

"Kwa sauti."

"Kwa sauti, Maria. Nitakuja."

Mwishoni mwa benchi Bansari alikuwa analia wazi wazi, kamasi na machozi, na Chrispin alikuwa anampapasia mfukoni kitambaa ambacho hakuwa nacho. Nesi alisimama katikati na kalamu yake, anamtazama huyu, anamtazama yule.

"Kwa hiyo niandike nini?"

"Andika mume," Maria alisema, na ndipo machozi yakamtoka. "Mfungulie mlango aingie, mtoto wangu anamngoja."